Siyu, Baina ya Alasiri na Magharibi



Kina mama wanaohudhuria darasa zetu hutuletea maswali ya namna nyingi, na miongoni mwao liko moja linalorudi kila mara ingawa halimo katika milango ya fiqhi. Mmoja atasema kwamba kabla ya kuolewa alikuwa akishona kofia. Mwengine alikuwa akisuka ukili pamoja na nyanya yake. Wa tatu alikuwa akitunga kaswida na kuziandika katika daftari ambalo hajui sasa liko wapi. Kisha wote humalizia kwa neno moja: siku hizi hatuna wakati. Jiko, watoto, kazi ya mshahara, mgonjwa wa kuuguzwa, harusi ya huku na matanga ya kule, hata usiku umeingia na sindano haijatoka mkobani. Je, walioweza zamani waliwezaje?

Mwezi wa Mfunguo Pili tulialikwa kwenye nikahi huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, na humo safarini tukayaona mambo ambayo twapenda kuwaeleza wenye swali hilo.

Njia ya kwenda Siyu haimfai mwenye haraka. Gari litokalo Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hata likafika Mokowe, na hapo barabara hukoma. Msafiri huteremka na mizigo yake akavuka kwa mashua hadi Lamu. Tulilala Lamu usiku mmoja. Mji huo wa kale uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi huja kuitazama milango yake ya nakshi. Sisi tulivutiwa zaidi na waliokaa nje ya milango hiyo. Baada ya sala ya alasiri, barazani, wazee wawili walikuwa wakizungumza habari za bei ya samaki, na kila mmoja ameshika kipande cha kitambaa cheupe, sindano inaingia na kutoka. Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa Mombasa wakastaajabu, lakini huko kofia hushonwa na wanaume pia, na hakuna anayewacheka.

Asubuhi tukapanda mashua ya Mtangawanda, ambayo ndiyo bandari wanayoteremkia watu wa Pate na Siyu. Kutoka Lamu mashua hupita Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari ulio baina ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda una desturi yake: maji yakikupwa, chombo hungoja. Nahodha wetu alitia nanga. Vijana wakatoa simu zao, na sisi, kusema kweli, tukaanza kuitazama saa. Mbele yetu alikuwapo mama mmoja wa Faza, mtoto amemlalia mapajani. Akaingiza mkono katika kikapu chake, akatoa bunda la ukili lililoviringwa na fungu la chane zilizofunikwa kwa kitambaa kibichi, kwani miyaa ikikauka sana hukatika, na akaanza kusuka. Hakuwa akiitazama kazi yake. Alikuwa akiyatazama maji, akijibu salamu, akimfunika mtoto jua, na vidole vikienda vyenyewe.

Tukamwuliza mkeka huo utakwisha lini. Akacheka kwa adabu, akasema, "Sheikh, mkeka hausukwi. Kinachosukwa ni ukili. Mkeka hushonwa siku ukili utakapotosha."

Tuliyafikiri maneno hayo mpaka maji yakajaa. Yeyote aliyeuona mkeka ukitengenezwa anajua kwamba ndivyo ulivyo. Miyaa hukatwa ikiwa michanga, huanikwa, huchanwa, nyengine hutiwa rangi. Kisha husukwa kuwa ukanda mrefu mwembamba, na ukanda huo huviringwa kadiri unavyozidi. Siku moja mwenye nao huupima, akaona watosha, akaukata na kuziunganisha pande kwa kushona, ukawa mkeka wa kulalia au msala wa kusalia. Maana yake ni kwamba kazi ya mkeka imekatwa tangu asili kuwa vipande vidogo ambavyo vyaweza kuingia katika mfuko, katika mashua, katika kikao cha kumtazama mgonjwa. Msukaji anapoinuka kumpakulia mtoto chakula hakuna kinachoharibika. Anaporudi hana haja ya kukumbuka alikuwa amefika wapi, kwa sababu ukili wenyewe humwambia. Waliobuni kazi hiyo walikuwa wanawake wenye shughuli nyingi, na waliibuni ikaenda na shughuli hizo. Tulipofika Mtangawanda yule mama alikuwa ameongeza kama dhiraa mbili, na sisi hatukuwa tumeongeza chochote.

Siyu iko upande wa kaskazini wa kisiwa, kando ya hori iliyozungukwa na mikoko. Ngome yake ya karne ya 19 ingali imesimama ikiitazama hori hiyo, na nyuma yake ndipo ulipo mji, mdogo leo kuliko sifa zake. Kwani Siyu ulikuwa mji wa wanazuoni na mafundi. Makubadhi yake ya ngozi yalijulikana pwani yote. Katika karne za 18 na 19 misahafu ilinakiliwa huko kwa mkono, kwa wino mweusi na mwekundu, na kurasa zake zikapambwa kwa nakshi ambazo wataalamu hadi leo huzisafiria kuzitazama. Sisi tuliosoma chuoni kwa ubao na kalamu ya mwanzi twajua kidogo jambo hilo lina uzito gani. Kalamu huchongwa, huandika mistari michache, hupoteza ncha, ikachongwa tena. Msahafu mzima, juzuu thelathini, hauandikwi kwa siku moja ya furaha. Huandikwa kwa siku nyingi za kawaida, nyengine za joto na nyengine za homa, na katika kurasa zake hakuna mtu awezaye kuonyesha ipi iliandikwa siku gani.

Na kwa hao wenye daftari za kaswida, Siyu ina la kuwaambia pia. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, alikuwa mke wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu aliyeyapinga majeshi ya Seyyid Said. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utendi wa nasaha wenye beti zaidi ya 100, na miaka kama miwili baadaye akafariki. Hatutauingilia hapa mjadala wa yaliyomo katika nasaha hizo, maana umekwisha kuandikwa sana. Tunachotaka kukitazama ni umbo. Ubeti wa utendi una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, na cha nne hurudi kwenye kina kinachokwenda mpaka mwisho wa utendi. Mizani thelathini na mbili tu. Mtu aweza kuubeba ubeti huo kichwani akiwa anakanda unga, akaugeuza neno hili na lile, na akaja kuuandika mikono ikishanawa. Mgonjwa ambaye hawezi kukaa kitako muda mrefu aweza pia. Huo nao ni ukili.

Sasa tuje kwenye nyumba tuliyofikia. Mwenyeji wetu, mama wa bwana harusi, ni mwanamke wa makamo, mwenye watoto sita, na mumewe ni mvuvi. Siku tulipowasili alikuwa na nyumba iliyojaa jamaa kutoka Pate na Faza, masufuria ya kuazima yakiletwa, ngoma za kina mama zikipangwa. Lakini baada ya sala ya alasiri alikwenda mahali pake, karibu na mlango wa uani penye mwanga, akatungua mkoba uliotundikwa kwenye msumari, akatoa kitambaa. Ilikuwa kofia ya mwanawe, ya kuvaliwa siku ya nikahi.

Wasiojua na wajue kwamba kofia ya mkono hushonwa ikiwa imelala. Nakshi huchorwa kwanza juu ya kitambaa cheupe. Kisha vitundu vidogo hutobolewa na ukingo wa kila kitundu huzungushiwa uzi, kimoja baada ya kimoja, mamia kwa mamia. Duara ya juu hushonwa peke yake na ukanda wa pembeni peke yake, ndipo vikaunganishwa. Vitundu hivyo hupitisha hewa, na hiyo ni rehema katika joto la pwani yetu. Kofia moja nzuri huchukua miezi. Duara ilikuwa tayari, imekunjwa ndani ya leso safi. Kwenye ukanda kulibakia sehemu tupu ya upana wa vidole sita.

Tulimwuliza kama itawahi. Akatueleza kwamba aliianza baada ya Maulidi, na ingekuwa imekwisha zamani, ila mkwewe, mama wa mumewe, aliugua. Alimwuguza miezi miwili hata Mwenyezi Mungu akamchukua. Katika siku hizo alikuwa akishona vitundu viwili, siku nyengine kimoja, akiwa ameketi kando ya kitanda. Na marehemu, ambaye ndiye aliyemfundisha kushona alipokuja nyumbani humo akiwa mwari, alikuwa akiomba apewe ukanda aupapase kwa vidole, kwa kuwa macho yalikuwa yamekwisha. Akikuta mshono uliolegea alimwamuru aufumue.

"Na sasa hayupo wa kuniamuru," alisema, "lakini siwezi kuuacha mshono uliolegea."

Muda wake ni baina ya alasiri na magharibi, pale ambapo chungu cha mchana kimeshaoshwa na cha usiku hakijatelekwa. Huenda ni nusu saa, huenda ni pungufu. Tulikaa nyumbani humo siku tano, na tukaona jambo ambalo twadhani ndilo lililo kubwa kuliko yote: wenziwe wa nyumbani waliujua muda huo. Bwana wa nyumba alirudi kutoka baharini akitaka chai. Alimwona mkewe ameketi, akageuka akamtuma binti. Mtoto mdogo alikuja mbio na kilio chake cha mtoto, akakaa chini akayamalizia machozi yake hapo ubavuni. Hakuna aliyesema, "Maadamu umekaa tu, hebu nifanyie hili." Wanawake wangapi mijini kwetu wanaambiwa hivyo kila siku? Mwanamke aliyeshika sindano huhesabiwa kuwa amekaa tu. Aliyeshika simu, ajabu, huonekana ana shughuli.

Tunawaambia wanaume wenzetu, na tunasema wazi: kina mama wengi wanaosema hawana wakati wanao, ila hakuna anayewalindia. Nusu saa haihitaji mali. Inahitaji mume ajitilie chai.

Wapo wanaohoji faida. Kofia ya mashine kutoka ng'ambo huuzwa shilingi mia chache, na mkeka wa plastiki huoshwa kwa ndoo moja ya maji. Hesabu hiyo ni sahihi, na hatumlaumu mzazi mwenye watoto wengi anayenunua cha rahisi. Kofia ya mkono huuzwa kwa maelfu, na hata hivyo mshonaji akiyagawa malipo yake kwa saa alizotumia, atapata kidogo sana. Lakini mwenyeji wetu hakuwa akiuza. Binti yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyetufahamisha vizuri zaidi. Alisema kwamba yeye hushona wakati wa mapumziko ya shule, vitundu vitatu, hazidishi, kisha huurudisha mkoba kwenye droo. Kazi ya kufundisha, alisema, haionekani mwisho wake. Mtoto humfundisha leo na huenda ukajua baada ya miaka kumi kama alifahamu. Vitundu vitatu huviona siku ile ile kuwa vimeshonwa sawa. Tangu aanze hivyo anaingia darasani mchana akiwa na subira zaidi.

Upo upande wa dini, na hatuwezi kuuruka. Tumewahi kumsikia mhadhiri mmoja akiwaambia wanawake kwamba nakshi na mapambo ni upuuzi unaopoteza umri. Tunaheshimu hima yake, lakini hatuafikiani naye. Imo katika Sahihi ya Imam Muslim habari ya mtu aliyemwuliza Mtume (S.A.W.) juu ya anayependa nguo yake iwe nzuri na viatu vyake viwe vizuri, naye akajulishwa kwamba Mwenyezi Mungu ni Mzuri na anapenda uzuri, na kwamba kibri ni kitu chengine: kuikataa haki na kuwadharau watu. Katika Sura Saba twasoma kwamba Nabii Daud (A.S.) alilainishiwa chuma na akaamrishwa kuunda nguo za vita na kukadiria vyema katika kuziunganisha pete zake. Mola hakumwamrisha aunde tu, alimwamrisha apime. Mama anayeufumua mshono uliolegea yuko katika amri ya namna hiyo.

Na mfano ulio karibu zaidi na kina mama ni Bi Zainab bint Jahsh (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliwaambia wakeze kwamba atakayemfuata mwanzo ni yule mwenye mkono mrefu kuwashinda wenziwe, nao wakawa wanaipima mikono yao. Alipofariki Bi Zainab ndipo walipotambua kwamba urefu uliokusudiwa ulikuwa wa sadaka, kwa sababu alikuwa akifanya kazi kwa mkono wake na kuutoa uchumi wake kwa ajili ya Allah. Kazi yake ilikuwa ngozi: akiidabighi na kuishona. Alikuwa Mama wa Waumini, katika nyumba ya Mtume, na saa za kazi ya mikono alizipata.

Mipaka ipo, na kila mtu aijua: sala isipitwe, deni lisiingiwe kwa ajili ya pambo, na kazi isigeuzwe kuwa ya kujigamba kwa majirani. Hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bi Aisha (R.A.), kwamba amali zipendezazo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni zile zenye kudumu ijapokuwa chache, inahusu ibada, wala hatutaki kuinyoosha ikavuka mahali pake. Lakini mwenye kuzoea kudumu juu ya kichache katika jambo moja huona wepesi kudumu katika jengine. Mwenyeji wetu alikuwa na uradi wake wa baada ya alasiri. Alikuwa akiumaliza kwanza, kisha ndipo akautungua mkoba.

Wasomaji wetu wa Majengo, Kisauni na Likoni, mnaokaa vyumba vya juu visivyo na ua wala baraza, huenda mkasema Siyu ni Siyu. Ni kweli kwamba miyaa ya kukata haimei ghorofani. Hata hivyo msumari waweza kupigwa popote penye mwanga, na mkoba ukatundikwa hapo ukionekana na kila mtu. Kazi iliyofichwa kabatini hungojea siku ya nafasi, na siku hiyo haina tarehe. Chagueni kipande kilicho kidogo hata mkione haya kukiruka: vitundu vitatu, ubeti mmoja, shubiri ya ukili. Kisha waambieni watu wa nyumbani kwa maneno, msingoje watambue. Kwa anayeweza, na apatikane jirani wa kukaa naye, kwa sababu tuliona Siyu kwamba wanaosuka pamoja huchoka baadaye kuliko anayesuka peke yake, na habari za mtaa huzungumzwa huku kazi ikienda. (Kuhusu kusengenya katika vikao hivyo, tulikwisha kusema mengi, na hatutarudia leo.)

Nikahi ilisomwa Ijumaa baada ya isha. Kofia haikuwahi. Siku mbili za mwisho mama yule alishinda jikoni na hakupata hata kitundu kimoja, na jamaa mmoja akashauri kwamba sehemu iliyobaki ishonwe kwa haraka kwa mishono mipana, usiku ule, nani angeona? Alikataa kwa upole. Bwana harusi alivaa kofia ya babake, iliyofuliwa, ikatiwa wanga na kukaushwa juu ya bakuli, na ilimkaa vizuri.

Jumamosi masufuria ya watu yakarudishwa. Baada ya alasiri tulikuwa uani tukiagana na wenyeji kwa sababu ya kuwahi maji ya Mtangawanda alfajiri, na mwenyeji wetu alikuwa ameketi mahali pake karibu na mlango. Wasichana wawili wa jirani walikuwa wamekuja na vitambaa vyao, wa pili hata hajajua kushika sindano. Tuliuliza ukanda umefika wapi. Akaupima: vilibakia vidole vitano kasoro kidogo. Alisema kofia hiyo itavaliwa Idd Kubwa, insha Allah, kisha akauchukua ukanda wa yule msichana mdogo, akaupapasa kwa kidole gumba, na akamrudishia afumue.